Zoezi Lisilo na Mfukuzaji

Nimeambiwa darasani kwamba hoki ya barafu si mada ya insha ya Kiswahili, kwa sababu huku kwetu barafu tunaijua ndani ya friji. Mimi nasema ni mada, tena nina ugomvi nayo wa miaka. Niliishi kwa shangazi yangu mjini Winnipeg, Kanada, kwa majira matatu ya baridi kabla ya kurudi Kampala kuanza chuo, na huko nilicheza katika timu ya vijana. Ugomvi wangu ni juu ya namna tulivyofundishwa kushambulia.

Kwa asiyeujua mchezo: kila timu ina wachezaji watano na kipa, wanateleza wakigombea kisahani cha mpira mgumu kwa vigongo. Shambulizi la mbio ni pale timu inaponyang'anya kisahani na kukimbilia lango la wenzao kabla hawajajipanga. Watu wa soka wangeliita kaunta. Ila hapa kuna mstari wa buluu: mshambuliaji akiuvuka kabla ya kisahani, ameotea. Nafasi tamu kuliko nyingi ni washambuliaji wawili kumkuta beki mmoja.

Nafasi hiyo ndiyo tuliyoifanyia mazoezi kila Jumanne na Alhamisi. Kocha alitupanga foleni mbili kwenye kona. Kipenga kikilia, wawili wanaondoka, wanapasiana mara mbili, wanavuka mstari, mmoja anapiga, wanarudi nyuma ya foleni. Wakati mwingine alisimamisha beki, naye akarudi nyuma taratibu kama mtu anayewafungulia wageni mlango. Wa kuwafukuza kwa nyuma hakuwepo hata mara moja. Siku moja nilihesabu: katika dakika 20 za zoezi hilo nilikimbia mara 7. Muda uliobaki nilisimama nikiganda miguu, na shangazi alikuwa amelipia kila saa ya barafu ile.

Basi ikaja mechi ya Februari, tuko nyuma kwa bao moja. Nikanasa pasi mbovu. Mwenzangu yuko kushoto, mbele yetu beki mmoja. Nilifanya nilivyozoeshwa: nikatulia, nikainua kichwa, nikasubiri beki aamue anakwenda wapi. Beki hakwenda popote. Alikaa katikati yetu, kigongo amekilaza kwenye barafu kuziba njia ya pasi, akimsubiri mwenzake aliyekuwa anakuja nyuma yangu. Sikumwona. Nilihisi tu kigongo changu kikinyanyuliwa, na kisahani kikaenda. Kutoka benchi kocha akapiga kelele, 'Haraka!' Neno hilo mazoezini hakuwahi kulisema.

Tuangalie hesabu yenyewe. Katika viwanja vya Amerika Kaskazini, kutoka mstari wa buluu hadi mstari wa goli ni takribani mita 19 na nusu. Anayeteleza kilomita 30 kwa saa huzimaliza kwa chini ya sekunde 2 na nusu. Ndani ya muda huo mwenye kisahani aelekeze mabega langoni kana kwamba anapiga, ili kipa amkabili yeye, kisha apige kweli, au atoe pasi kabla beki hajajilaza kuiziba. Wakiwa watatu dhidi ya mabeki wawili, mmoja akimbilie langoni bila kisahani, awaburute mabeki, nyuma yao ifunguke nafasi kwa yule wa tatu anayechelewa kidogo kwa makusudi. Lakini kuchelewa huko kuna kipimo, na kipimo chake ni mtu anayekuja nyuma. Mwondoe huyo, na kila uamuzi unakuwa sahihi. Unaweza kupiga leo, unaweza kupiga kesho.

Najua nitajibiwa kwa methali, maana nazungumza na watu wa Kiswahili. Haraka haraka haina baraka. Mtoto ajue kuteleza kwanza. Nakubali, kwa wiki za mwanzo. Sisi tulikuwa na miaka 16, na methali ya pili wenzangu wameisahau: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wengine watasema mabao mengi mazoezini hujenga kujiamini. Kujiamini kwa namna gani? Ni kama mwanafunzi wetu aliyekariri 'Hujambo, sijambo' na jirani yake wa dawati, kisha anashuka Mombasa, utingo anamwuliza kitu ambacho hakimo kitabuni, anabaki kutabasamu. (Mwanafunzi huyo nami nilikuwa yeye, kwa hiyo simcheki.)

Wala nisiambiwe kwamba bila barafu nyingi hakuna njia nyingine. Wasovieti walianza mchezo huu rasmi mwaka 1946, hawana barafu ya mitambo, wakifanya sehemu kubwa ya mazoezi nchi kavu. Mwaka 1954 walikwenda kwenye ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza, wakaifunga Kanada 7–2 na kuchukua kombe.

Nayasema haya sasa kwa sababu ya Nairobi. Pale kuna uwanja wa barafu hotelini tangu mwaka 2005, mdogo kuliko viwanja vya kimataifa, na ndiko walikokulia Ice Lions. Mwaka 2024 Kenya iliingia katika shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Makocha watawajia kutoka nje, na ninachohofia ni kwamba watakuja na foleni zao. Udogo wa uwanja ule, ambao wengi wanausikitikia, mimi ningeutumia: mahali padogo mfukuzaji hawezi kuwa mbali.

Zoezi lenyewe halihitaji hata koni moja. Kocha anatupa kisahani katikati, wawili kwa wawili wanakigombea. Wanaokipata wanaondoka hapo hapo, bila kipenga. Mbele yao beki mmoja, na mmoja wa waliokikosa anawafukuza kutoka mita mbili nyuma. Beki akikinasa, hakirudishi kwa kocha; yeye na mfukuzaji wanageuka na kushambulia upande wa pili, na waliokuwa wakishambulia ndio sasa wanaofukuza. Sekunde 40, wanatoka, wanaingia wengine.