Kufeli Kemia si mwisho wa safari ya uuguzi

KILA mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, zipo nyumba zinazoshangilia na zipo nyumba zinazonyamaza. Katika Kata ya Buswelu, yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, hali haina tofauti na kwingineko nchini. Binti aliyekuwa akiwaambia majirani kwamba atakuwa muuguzi huanza kuonekana akianika dagaa, akiuza genge la mama yake au akitafuta kazi za ndani mjini, na habari ya masomo haiulizwi tena.

Mjadala wa kitaifa kwa kawaida huishia kwenye asilimia. Tunaambiwa wangapi wamefaulu, shule gani imeongoza na mkoa gani umeshika mkia. Baada ya wiki mbili mjadala hufungwa hadi mwaka unaofuata. Swali ambalo halipewi nafasi ya kutosha ni hili: huyu aliyeanguka, akakata tamaa, lakini bado moyoni anautaka uuguzi, asaidiwe vipi na asaidiwe na nani?

Ili kulijibu swali hilo, ni vema kwanza tukaelewa lango lenyewe lilivyo. Katika baadhi ya nchi, mwombaji wa chuo cha uuguzi hufanya mtihani maalumu wa kujiunga. Hapa kwetu, kwa ngazi ya astashahada na stashahada, mtihani wa kujiunga ndio huo huo wa kidato cha nne. Kwa mujibu wa utaratibu wa udahili unaosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), mwombaji anatakiwa awe amefaulu angalau masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza humwongezea sifa.

Hapo ndipo familia nyingi hupotea njia. Wazazi huangalia daraja lililoandikwa kwenye matokeo, ilhali chuo huangalia masomo. Chukua mfano wa mwanafunzi aliyepata C ya Kiswahili, D za Uraia, Historia, Jiografia na Baiolojia, kisha F za Kemia na Hisabati. Kwa hesabu ya pointi anayo daraja la nne, na nyumbani wanaweza kusema kwamba mtoto amefaulu. Hata hivyo, mlango wa uuguzi haujamfungukia. Mwenzake mwenye daraja hilo hilo la nne, lakini D zake zikiwa za Kemia, Fizikia, Baiolojia na Kiswahili, anayo sifa ya kuomba.

Aidha, ni muhimu kufahamu ukubwa halisi wa pengo. Katika viwango vya upangaji wa alama vinavyotumika, F ni alama 0 hadi 29, D ni 30 hadi 44 na C ni 45 hadi 64. Mtoto aliyepata F kwa kukosa alama 5 na yule aliyekosa alama 25 wote wanaisoma herufi moja, na wote huambiwa kwamba hawana akili ya sayansi. Kumbe mmoja anahitaji kusahihishwa mambo machache, na mwingine anahitaji kuanzishwa upya. Tiba haiwezi kuwa moja kwa wagonjwa wawili tofauti.

Lipo pia kundi la tatu, ambalo ndilo husahaulika kabisa. Kwa miaka mingi, chini ya mtaala ambao umeanza kubadilishwa hatua kwa hatua tangu Januari 2024, wanafunzi wa sekondari waliingia kidato cha tatu wakiwa wamechagua mchepuo, na walioelekea masomo ya sanaa waliiacha Fizikia na Kemia. Binti wa miaka 15 aliacha masomo hayo kwa sababu maabara haikuwapo au mwalimu hakuwapo, bila mtu yeyote kumweleza kwamba siku hiyo alikuwa akiliaga na gauni jeupe la muuguzi. Huyu hakufeli mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Hakuwahi kuufanya.

Historia yetu ya karibuni inatufundisha kwamba kushindwa kwa wengi hakutokani na uvivu wa mtoto mmoja mmoja. Kuanzia mwaka 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uliwezesha kujengwa kwa shule za kata kwa wingi ambao nchi haikuwahi kuuona. Milango ilifunguliwa, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini majengo yalitangulia, walimu wa sayansi na maabara vikafuata nyuma kwa mwendo wa kinyonga. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliishtua nchi: zaidi ya watahiniwa 240,000, sawa na takriban asilimia 60, walipata sifuri. Serikali iliunda tume, na Mei 2013 matokeo hayo yakafutwa na kupangwa upya. Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, aliagiza kila shule ya kata iwe na maabara, na wananchi wakachangishwa kuzijenga.

Jambo la kusikitisha ni kwamba katika taharuki ile lilizungumzwa sana suala la viwango, na kidogo sana suala la vijana waliobaki mitaani na sifuri zao. Wapo walioinuka, wakarudia mtihani, na leo wamo katika taaluma mbalimbali. Wapo ambao hawakupata mtu wa kuwaambia kwamba inawezekana.

Je, inawezekana? Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti. Mhitimu anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, na halazimiki kurudia masomo yote. Anaweza kujiandikisha kwa yale anayoyahitaji. Usajili hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka na mtihani hufanyika Novemba. Anayekaa akilia hadi Mei huwa amekwisha kupoteza mwaka mzima. Kwa hiyo msaada wa kwanza anaouhitaji aliyekata tamaa ni kuharakishwa, ajiandikishe kabla machozi hayajakauka. Wakati huo huo, aulize kituoni mapema kuhusu mtihani wa vitendo, kwa kuwa sayansi haisomwi kwa kukariri madaftari peke yake.

Msaada wa pili ni kumpima alipo. NECTA huchapisha katika tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikionyesha swali kwa swali wapi watahiniwa walikosea na kwa nini. Miongoni mwa sababu zinazojirudia ni kutoelewa matakwa ya swali, uhaba wa maarifa ya mada husika na udhaifu katika lugha ya Kiingereza. Hizo ni taarifa za bure, lakini ni wazazi na walimu wangapi wa tuisheni wanaozifungua? Mwanafunzi akikaa na mtihani wa mwaka uliopita, akaufanya kwa muda uliopangwa, kisha akausahihisha kwa taarifa hiyo, atajua kwa siku moja kile ambacho tuisheni ya miezi mitatu inaweza isimwambie.

Suala la lugha linastahili kusisitizwa. Mtoto wa shule ya msingi ya umma husoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha huingia sekondari na kukutana na Kemia kwa Kiingereza. Wengi hawashindwi kuelewa kwamba damu hubeba hewa safi kutoka mapafuni. Hushindwa kulieleza jambo hilo katika lugha ya mtihani. Anayemsaidia amruhusu aeleze kwanza kwa Kiswahili, ajiridhishe kwamba ameelewa, ndipo wajenge pamoja sentensi za Kiingereza. Kuanza na sentensi za Kiingereza za kukariri ni kujenga nyumba kwa kuanzia paa.

Msaada wa tatu ni muda. Kuanzia Januari hadi mwishoni mwa Oktoba zipo wiki zisizopungua 40. Saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, ni saa 400. Zikigawanywa katika Kemia, Fizikia na Baiolojia, kila somo linapata zaidi ya saa 130. Katika saa hizo, dhana ya moli, uchambuzi wa tindikali na besi, umeme, mawimbi, lishe, uzazi na urithi vinaweza kusomwa kutoka mwanzo, na vitabu vya kiada vinapatikana pia katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Lakini saa hizo hazitapatikana ikiwa binti ndiye mchota maji, mpishi, mlezi wa wadogo zake na mwuza genge. Mzazi anayelipa ada ya tuisheni na kumnyima mtoto saa mbili za kukaa na kitabu amelipia nusu ya safari.

Wapo watakaohoji: je, tunataka kuwaingiza wodini watu waliopata alama 30? Hoja hiyo ni ya haki. Muuguzi hukokotoa kiasi cha dawa kwa uzito wa mtoto, huhesabu matone ya dripu na husoma maandishi ya daktari usiku wa manane. Kosa la desimali moja linaweza kuondoa uhai. Kwa sababu hiyo lengo la kumwandaa mwanafunzi lisiwe kupenya kwa D ya kubahatisha. Masomo ya chuo nayo yana mitihani yake, na baada ya chuo upo mtihani wa leseni chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Aliyesukumwa kupita lango la kwanza bila msingi atasimamishwa katika la mwisho, akiwa amekwisha kumaliza fedha za familia. Maandalizi ya kweli humlinda yeye, na humlinda mgonjwa wake.

Ni kwa sababu hiyo hiyo njia za mkato zinapaswa kukataliwa mapema. Aliyekata tamaa ni windo rahisi. Atatokea mtu wa kumuuzia cheti, wa kumshauri atumie cheti cha ndugu, au wa kumwandikisha katika chuo kisichosajiliwa. Ikumbukwe kwamba Aprili 2017, katika uhakiki wa vyeti, watumishi wa umma 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi na wakaondolewa kazini, wakiwamo wa sekta ya afya. Wengine walikuwa wametumikia kwa miaka mingi. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, familia ihakikishe kwamba chuo kimo katika orodha ya NACTVET, na isome mwongozo wa udahili wa mwaka husika. Aidha, mwaka 2023 Serikali ilianza kutoa mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada; mwombaji aangalie kama kozi yake imo.

Kwa mkazi wa Buswelu, vyuo haviko mbali. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, imekuwa kitovu cha mafunzo ya afya Kanda ya Ziwa. Mafunzo ya uuguzi yamekuwa yakitolewa pia Sengerema, ng'ambo ya ghuba, na Sumve wilayani Kwimba.

Mahitaji nayo yapo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu takriban 343,000 Ilemela. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 500,000. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2016 kigezo cha madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000, na Tanzania iko chini sana ya hapo. Ni kweli kwamba ajira za Serikali haziwatoshi wahitimu wote, na wapo wauguzi wenye leseni wanaosubiri. Kijana aambiwe ukweli huo tangu mwanzo. Lakini uhaba wa ajira ni tatizo la bajeti. Wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati zetu hawajapungua.

Halmashauri ina uwezo wa kufanya mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Madarasa ya shule za kata huwa matupu Jumamosi na jioni. Yafunguliwe kwa wanaorudia mtihani. Maabara zilizojengwa kwa michango ya wananchi zitumike na watoto wa wananchi hao hao, chini ya usimamizi wa walimu wanaolipwa posho inayoeleweka. Wauguzi wa vituo vya afya waalikwe kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha pili, kabla hawajafanya uchaguzi utakaowafungia milango. Na tangu Novemba 2021, Serikali iliporuhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwamo waliopata ujauzito, kurejea masomoni, hakuna sababu ya mama kijana wa Buswelu kuambiwa kwamba muda wake umepita.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi hawezi kufua chuma kwa methali. Lazima mtu ampe koleo lingine. Kwa kijana aliyeanguka, koleo hilo ni fomu ya usajili iliyojazwa kwa wakati, mitihani ya miaka iliyopita, saa mbili za utulivu kila siku na mtu mzima mmoja asiyechoka kumuuliza amesoma nini leo. Mzazi, mwalimu au jirani anayeweza kumpatia japo kimojawapo asisubiri matokeo ya mwaka ujao.