Damu ya waja wazito ilivyokuwa kipimo cha jiji

Mkeo au dadako anapofika kliniki ya waja wazito kwa mara ya kwanza, hutolewa damu. Hupimwa kaswende, kundi la damu na iwapo damu yake imepungua. Ni jambo la kawaida, halimshtui mtu. Lakini je, wajua kwamba damu iyo hiyo ndiyo iliyotuonyesha jinsi ukimwi ulivyokuwa ukituingilia hapa Nairobi?

Mwaka wa 1989 watafiti waliwapima waja wazito jijini wakaona kwamba kati ya kila 100, wapatao 6 au 7 walikuwa na virusi. Kufikia 1991 idadi hiyo ilikuwa 13. Miaka miwili tu! Kaswende nayo ilipanda kutoka karibu 3 hadi 5 kati ya kila 100, na si ajabu, kwani maradhi hayo mawili hupitia mlango mmoja.

Kuanzia 1990 serikali ilifanya hesabu ya namna hii katika kliniki teule za miji mbalimbali. Huenda ukauliza: kwa nini akina mama hawa? Si kwamba wao ndio wanaoeneza maradhi, kama wasemavyo baadhi ya wanaume. Ni kwamba wanatoka kila mtaa, wanafika kliniki kwa miguu yao wakiwa na afya, na damu yao ingetolewa vyovyote vile.

Baada ya kaswende kupimwa, damu iliyosalia iliondolewa jina, kisha ikapimwa virusi. Hakuna aliyejua ni ya nani. Jiji likapata hesabu yake, naye mama akarudi nyumbani bila jibu. Dawa za kumkinga mtoto zilipopatikana, ilikuwa vigumu kuutetea utaratibu huo. Leo mja mzito hupimwa kwa idhini yake na kuambiwa majibu yake, na majibu hayo ndiyo yanayotumiwa kufanyia hesabu.

Hata hivyo, kipimo hiki kina upungufu wake. Wanaume hawamo. Wanawake waliozuiwa na virusi kushika mimba hawamo. Wanaotumia mipira kila mara hawamo pia. Mwaka wa 2003 watu walipopimwa manyumbani nchini kote, ilipatikana asilimia 6.7 ya watu wazima: wanawake 8.7, wanaume 4.6. Makadirio ya awali yaliyotegemea kliniki yalikuwa juu kuliko hayo.

Jambo jingine, usifurahi wala kuhuzunika haraka ukisoma tarakimu. Idadi ya wenye virusi inaweza kushuka kwa sababu watu wamejihadhari, au kwa sababu wengi wamefariki. Inaweza pia kubaki juu kwa sababu wagonjwa wanatumia dawa na wanaishi, wanazaa na kulea. Ukitaka kujua kama maambukizi mapya yanapungua, tazama wasichana wa chini ya miaka 25. Hao hawajaanza maisha ya ndoa na mapenzi zamani, kwa hivyo virusi walivyo navyo kwa kawaida ni vya juzi juzi.

Nawe mama, ya jiji yana wenyewe. Lako ni mtoto aliye tumboni. Mama mwenye virusi asipopata matibabu, kati ya watoto 100, 15 hadi 45 huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Akitumia dawa vilivyo, hawafiki 5. Kwa hivyo usingoje mimba ifikishe miezi saba ndipo uende kliniki. Na ukiambiwa kwamba huna virusi, kubali kupimwa tena mimba ikikaribia kutimia, kwani mtu huweza kuambukizwa akiwa tayari mja mzito.

Nawe baba, usiseme majibu ya mkeo ndiyo yako. Mmoja anaweza kuwa na virusi na mwenzake asiwe navyo. Mwandamane, mpimwe pamoja, na majibu yakiwa mazito myabebe wawili. Wazee walisema mficha uchi hazai. Siku hizi tuongeze: hata akizaa, asimfiche mtoto dawa yake.