Mmea Uvunjao Mawe

Juma hili twende mbali, hata milima ya Himalaya, nchi ya Nepali na pande za kaskazini za Bara Hindi. Huko, katika nyufa za majabali yenye unyevu, huota mmea mfupi wenye majani mapana, mazito, magumu kama ngozi ya kiatu. Haufi kwa mwaka mmoja. Shina lake hulala ardhini, nene kama tangawizi, na kila mwaka hutoa maua meupe au ya rangi ya waridi. Wataalamu huuita Bergenia, kwa heshima ya von Bergen, mganga Mjerumani aliyefariki mwaka 1759. Waingereza, ambao huupanda bustanini kwa uzuri tu, wameupa jina la kuchekesha: Mlio wa Nguruwe, maana jani lake likisuguliwa kwa vidole hulia!

Wenyeji huuita pashanbhed, yaani mvunja mawe. Yaonekana wazee waliutazama ulivyojipenyeza mwambani, wakawaza: mmea ulioshinda jabali utashindwaje na kijiwe kilicho ndani ya mtu? Basi tangu kale hukata lile shina la chini, hulikausha, hulisaga, na kumpa mgonjwa mwenye mawe ya figo.

Je, yafaa? Katika maabara, na katika panya, dawa hii imeonyesha dalili njema. Lakini panya si baba wa watoto sita. Kwa binadamu ushahidi bado ni haba. Tena sokoni jina hilo moja hupewa mimea kadhaa isiyo na undugu. Mmoja ni Aerva lanata, gugu lenye manyoya meupe liotalo hata kwetu Afrika. Mnunuzi wa unga atajuaje amepewa upi?

Kwa hiyo, mama, mumeo akishikwa na maumivu makali ya ubavu pamoja na homa, au mkojo ukakatika, usikae jikoni ukichemsha mizizi. Jiwe lililoziba njia laweza kuharibu figo. Apelekwe hospitali siku ile ile. Na sisi tushindao shambani juani, tunywe maji mengi. Maji husaidia kuzuia mawe yasijengeke.

Kuna hasara nyingine. Achimbaye shina huua mmea wenyewe, na wachimbaji ni wengi, hata pengine huko mlimani umepungua sana.

Watu wa milima ya Altai, huko Siberia, wana ndugu wa mmea huu, nao wamepata njia iliyo nafuu. Hawachimbi. Theluji ikiisha huokota majani makuukuu, yaliyopitiwa na baridi mbili tatu yakawa meusi chini ya mmea. Majani mabichi ni makali mdomoni, lakini haya yamekwisha kupoteza ukali wake. Huyaosha, huyakausha, huyatia katika maji ya moto, wakanywa chai nyekundu yenye harufu nzuri, na mmea waendelea kuota pale pale.