Usiidharau Njia Nyepesi

Wako watu wasemao kwamba njia iliyotengenezwa ni ya wazee na watoto, na kwamba kijana hodari hupita apendapo. Msomaji, usiwasadiki. Ushujaa wao ni uharibifu uliovikwa nguo nzuri.

Tazama pwani ya Gascogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Leo mtembezi wa huko hupita njia tambarare kati ya misonobari na kuvuka matuta ya mchanga hadi baharini, wala hachoki. Lakini katika karne ya 18 upepo uliusukuma mchanga huo kuelekea bara, hata ukalifunika kanisa la Soulac. Mwaka 1787 mhandisi Brémontier alianza kupanda misonobari karibu na La Teste, na kazi hiyo ikaendelea katika karne ya 19. Mbele ya miti, majani ya pwani yenye mizizi mirefu yaliushika mchanga.

Majani hayo hustahimili chumvi na dhoruba, lakini hayastahimili kukanyagwa. Yakifa, upepo hupata mlango. Mchanga huamka na kuiendea miti. Mwenye kuiacha njia atauliza, "Mguu wangu mmoja una madhara gani?" Na ajibiwe kwa methali yetu: haba na haba hujaza kibaba. Nyuma yake waja elfu, na kila mmoja ana neno lile lile.

Basi wewe uliye na nguvu, zitumie kujizuia. Njia nyepesi si aibu. Aibu ni kubomoa kwa matembezi ya saa moja ukuta wa majani na miti uliojengwa kwa jasho la vizazi.