Huruma kwa ng'ombe siyo anasa ya Wazungu

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi. Majaribio yalikuwa yamenikaba koo, na bumu nalo ndo hivyo tena, limekata. Ila leo silali kabla sijalitoa hili moyoni.

Juzi kwenye semina tulikuwa tunajadili mifugo na mabadiliko ya tabianchi. Mshikaji mmoja akasimama, akasema mambo ya kuhurumia ng'ombe ni anasa ya Wazungu, sisi tuzungumzie kupunguza mifugo, basi. Darasa likapiga makofi. Mimi mtoto wa mfugaji nikanywea. Majibu yakanijia usiku bwenini, kama kawaida yangu. Haya, shika hapo.

Kwanza tuelewane. Ng'ombe anacheua, na vijidudu vya tumboni mwake vinavyosaga nyasi vinatengeneza gesi ya methani, ambayo anaitoa zaidi kwa kubeua. Kwa kipindi cha miaka 100 gesi hiyo inapasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kaboni daioksaidi ya uzito huohuo. FAO mwaka 2013 walikadiria mifugo inachangia asilimia 14.5 ya gesijoto zinazotokana na binadamu; mwaka 2023 wakasema kama asilimia 12. Sibishi. Na Tanzania tuna ng'ombe zaidi ya milioni 30, tusijifanye hayatuhusu.

Lakini jamani, ng'ombe mgonjwa anaacha kubeua? Mwenye kupe, kiu na njaa anatoa methani kila siku, huku maziwa hakuna, ndama hakuna, na uzito wa kuchinjwa anaufikia kwa kuchelewa sana. Mpe maji ya karibu, mwogeshe dawa ya kupe, mchanje ndigana kali, mpe malisho. Ndiyo, akishiba anaweza kubeua zaidi, ila gesi kwa kila lita ya maziwa inashuka.

"Basi wapunguzeni!" Sawa, hapo nakubali: idadi isipopungua hesabu haifungi. Lakini muulize babu yangu kwa nini anafuga wengi. Anajua watakufa! Mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 ukame uliua maelfu ya ng'ombe Simanjiro. Mtu aliyeona hayo unamwambia abaki na kumi waliokonda? Mhakikishie kwanza kwamba kumi wataishi, ndipo mzungumze. Matunzo ndiyo mlango wa kupunguza mifugo.

Sasa njoo mnadani. Nikiwa fildi niliona kwa macho yangu ng'ombe wakipakiwa kwenye Fuso: fimbo za mgongoni, mikia inasokotwa, aliyeanguka anakanyagwa na wenzake. Nyama iliyovilia damu hukatwa ikatupwa, na ng'ombe aliyechoshwa na kutishwa nyama yake huwa nyeusi na kuharibika upesi. Kila kipande kinachotupwa ni miaka ya methani iliyobeuliwa bure. Huo ukatili unatupa faida gani? Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, tena tuliitunga wenyewe Dodoma.

Kuhusu Uzungu ndo nacheka kabisa. Wasukuma wana ngitili: eneo la malisho linafungwa wakati wa masika ili kiangazi ndama na ng'ombe dhaifu wapate pa kula. Nani aliwafundisha? Mradi wa HASHI ulipoanza Shinyanga mwaka 1986 ulijengwa juu ya desturi hiyohiyo, na zaidi ya hekta 300,000 za ngitili zikarudi, nyasi na miti inayofyonza kaboni. Mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta. Wazee walianza kwa kumwonea huruma ndama, wakajikuta wameotesha msitu.

Kwa hiyo wasomi wenzangu, kesho tukiwa maofisa mifugo tusiende vijijini na wimbo mmoja wa "punguzeni". Twende na majosho yanayofanya kazi, chanjo, mabwawa, na ubavu wa kumzuia dereva wa lori anayejaza ng'ombe kama magunia ya mkaa.

Nisiwachoshe. Mshikaji, semina ijayo usikose. Safari hii nitasimama mimi.