Maada ya giza: Sadfa au undugu?

WANASAYANSI wa anga wanakabiliwa na hesabu inayowanyima usingizi. Vipimo vya chombo cha Ulaya, Planck, vilivyotolewa mwaka 2018, vinaonyesha kuwa maada ya kawaida, iliyounda nyota, bahari na binadamu, ni takriban asilimia 5 tu ya ulimwengu. Maada ya giza, isiyotoa wala kuakisi mwanga, inakaribia asilimia 27. Kinachobaki ni nishati ya giza.

Uwiano huo wa moja kwa tano unashangaza kwa udogo wake. Nadharia iliyotawala kwa miaka mingi inadai kuwa maada hizo mbili zilipatikana kwa njia zisizohusiana. Kama ni hivyo, moja ingeweza kuizidi nyingine hata mara milioni, na kukaribiana kwao ni sadfa tupu.

Mwaka 2009, David Kaplan, Markus Luty na Kathryn Zurek, watafiti walioko Marekani, walitetea hoja ya undugu. Ulimwengu ulipokuwa mchanga, maada na maada kinzani ziliangamizana, ikasalia ziada ya takriban chembe moja katika kila bilioni. Ziada hiyo ndiyo sisi. Kwa mujibu wa watafiti hao, maada ya giza nayo ni ziada iliyotokana na chanzo hicho hicho. Iwapo idadi ya chembe inalingana, basi kila chembe ya giza ina uzito wa kama protoni tano.

Hata hivyo, hoja hiyo ina pengo: haielezi kwa nini uzito huo ukaribiane na wa protoni. Wapo wanaojibu kuwa upande wa giza una protoni zake, zilizofungwa na nguvu pacha ya ile inayoshikilia kiini cha atomu.

Mahakama ya mwisho ni vipimo, na huko kuna kikwazo. Mwaka 2024, mitambo ya zenoni iliyo chini ya ardhi, XENONnT ya Italia na PandaX-4T ya China, ilitangaza dalili za nyutrino kutoka kwenye jua. Alama zake hufanana mno na za chembe ya giza yenye uzito wa takriban protoni sita, karibu kabisa na pale nadharia ya undugu inapoelekeza.

Kwa hiyo, kuongeza ukubwa wa mitambo pekee hakutatosha, kwani nyutrino nazo zitaongezeka. Hadi itakapopatikana njia ya kutenganisha alama hizo, kutoonekana kwa chembe hiyo hakutakuwa ushahidi kwamba ni sadfa.