Tatizo la Katoro Si Chungu

Mpe mwanafunzi wa ubunifu tatizo la zebaki ya kunasia dhahabu, atakuletea chungu. Cha chuma, kifuniko kimebana, bomba linapita kwenye maji ili mvuke upoe na zebaki irudi. Ndiyo retoti. Atapigiwa makofi na kupewa cheti, na Katoro, mji wa wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita, watu wataendelea kuchoma zebaki yenye dhahabu kwenye kipande cha bati.

Tumeaminishwa kwamba mchimbaji mdogo amekosa kifaa tu, na kwamba akikikataa basi hana elimu. Huo ni uvivu wa kufikiri. Rwamagasa, jirani tu hapo, mradi wa zebaki wa UNIDO, shirika la viwanda la Umoja wa Mataifa, ulifika zaidi ya miaka 15 iliyopita. Wachimbaji wanaijua hatari.

Nendeni mwaloni, wanakochenjulia dhahabu, wakati wa kuchoma. Bonge la zebaki na dhahabu, dogo kama punje ya hindi, liko juu ya mkaa. Wamelizunguka mchimbaji, mwenye duara, yaani shimo la machimbo, mwenye karasha la kusagia mawe na kijana wa mnunuzi. Kila mmoja ana chake mle ndani, na hakuna anayepepesa macho. Halafu wewe unawaambia wafunike! Kwao huo ni mlango wa kuibiana. Zimebuniwa retoti za kioo ili ndani paonekane. Ni ghali na zinavunjika. Na mnunuzi mara nyingi ndiye anayetoa zebaki, kwa mkopo au bure, ili dhahabu irudi kwake. Mchimbaji akiiokoa, amemwokolea nani?

Tuseme kesho wote wakubali. Chungu kitakamata zebaki ya kwenye bonge. Nyingine imeshabaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, na marudio kwa kawaida ni ujira wa mwenye karasha. Yeye huyauza au huyapeleka kwenye matangi ya sayanaidi kuvuna dhahabu iliyobaki, ambayo mara nyingi huzidi ile aliyoondoka nayo mchimbaji. Sayanaidi huiyeyusha zebaki, nayo ikasafiri na maji. Mkataba wa Minamata, tuliouridhia mwaka 2020, unataja mambo manne ya kukomeshwa kwa wachimbaji wadogo: kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa, kuchoma hadharani, kuchoma kwenye makazi, na kutia sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki. Chungu kinagusa mawili.

Mwanafunzi afuate kiroba kimoja cha mawe tangu duarani hadi sokoni, akiandika nani analipwa nini, na lini. Huenda akakuta cha kubuni ni makubaliano mapya ya marudio. Soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa mwaka 2019, hakuna aliyebuni kifaa. Kilichobadilika ni mahali muuzaji na mnunuzi wanapokutana mbele ya mizani.

Walimu wa ubunifu, Mwanza hadi Katoro ni safari ya saa chache kwa basi. Wapandisheni wanafunzi, kalamu za kuchorea zibaki chuoni mpaka warudi.